Wraith, Destroyer, Valkyrie na Tern: zikiwa mpya na zikishachakaa (uzoefu wangu)

Swali ni draiva gani ya diski gofu ununue, yaani diski ya kurusha mbali, na jibu nalitoa mwanzoni kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama mkono wako ni wa kawaida, yaani ukirusha vizuri diski inafika mita 90 mpaka 105 hivi, chukua Wraith ya plastiki ya Star (zote majina ya kampuni ya Innova), gramu 165 mpaka 170, irushe mpaka ikomae, yaani ichakae kiasi, alafu nunua nyingine ileile ikiwa mpya na zote mbili zikae kwenye begi. Destroyer iache kwanza. Sio mbaya hata kidogo, ni diski nzuri mno, ila inataka mkono wa kasi, na hapo ndo watu wengi hela inapotea kwa sababu wanaangalia namba ya spidi tu, hawafikirii kwamba hii diski itakaa msimu mzima inagonga miti na mawe na lami ya parking, na ile uliyonunua mwezi wa nne sio ile utakayokuwa unairusha mwezi wa kumi.

Mi niko Minnesota huku Marekani, pande za Minneapolis na St. Paul, na diski gofu huku ni mchezo wa watu wote, viwanja vingi viko kwenye mapaki ya umma na vingi ni bure. Nacheza zaidi Kaposia kule South St. Paul ambako ni vilima na mabonde na miti mikubwa, na Bryant Lake pale Eden Prairie ambako kuna nyasi wazi, miinuko na upepo, na nikipata wikiendi naenda Blue Ribbon Pines ya East Bethel, kule misonobari imesimama kushoto na kulia na wewe unapita katikati. Nawatajia viwanja kwa sababu diski inachakaa kutokana na inapochezewa, hilo nitalirudia baadae.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, sheria ni zilezile za gofu, ila badala ya mpira na fimbo una diski na mkono wako, na badala ya shimo kuna kikapu cha minyororo kwenye nguzo. Hiyo nguzo ni kazi ya Ed Headrick wa California miaka ya 70, na chama cha mchezo, PDGA, kilianza 1976. Mwanzoni watu walikuwa wanarusha frizbi za kawaida za kuchezea ufukweni, mpaka 1983 Dave Dunipace wa Innova alipotoa diski yenye ukingo uliochongwa, na kuanzia hapo kila draiva unayoiona dukani inafuata wazo lile: ukingo mpana na mkali unakata hewa. PDGA wameweka kikomo, ukingo usizidi upana wa sentimita 2.6, na uzito usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndo maana draiva nyingi zenye kipenyo cha sentimita 21 na kidogo zinaishia gramu 175 hivi.

Sasa zile namba nne zinazoandikwa juu ya diski kueleza inavyoruka. Ya kwanza spidi, ya pili kuelea, ya tatu inavyogeuka kulia ikiwa bado ina kasi, ya nne inavyokunja kushoto kasi ikiisha. Naongelea mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi (mkono unaanzia kifuani na kufungukia nje), wa kushoto ageuze tu. Wraith ni 11, 5, -1, 3. Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Ukizisoma hivyo unaona tofauti ni spidi moja tu, basi unachukua yenye namba kubwa, si ndio? Hapana wakuu. Spidi 12 sio kwamba diski itaenda kwa kasi ya 12, ni kwamba inahitaji kasi hiyo ndo iruke kama namba zinavyosema. Usipoifikisha, ile -1 huioni kabisa, unaona 3 ya mwisho peke yake, diski inatoka mkononi imenyooka kidogo alafu inakunja kushoto mapema na kujipigiza chini. Mkono wangu unaifikisha Wraith vizuri. Destroyer mpya siifikishi isipokuwa upepo uwe unatoka mbele.

Kwa nini inageuka hivi na hivi? Diski ni kama pia, ile ya watoto ya kuzungusha chini. Ukiisukuma pia inayozunguka kwenda mbele haiangukii mbele, inalalia pembeni. Diski ikiwa na kasi kubwa hewa inaibeba zaidi upande wa nyuma, pua, yaani ukingo wa mbele, inataka kushuka, lakini kwa kuwa inazunguka ule msukumo unajitokeza pembeni na diski inalalia kulia. Kasi ikipungua inaanza kuzama, hewa inaipiga kutoka chini, pale inapobebwa panahamia mbele, pua inataka kunyanyuka, na msukumo unajitokeza upande wa pili, inakunja kushoto. Basi. Ile inayokataa kulia na kukimbilia kushoto tunaiita ovastebo, inayopenda kulia ni andastebo, na ya katikati inayojitahidi kunyoosha ni stebo tu. Kila kitu nitakachosema kuhusu kuchakaa kinatokana na hapo, kwa sababu kuchakaa kunabadilisha ukingo, na ukingo ndo unaoamua hewa iibebe wapi.

Chukua draiva yoyote mpya uiangalie kwa ubavu, usawa wa macho. Utaona mstari mwembamba umezunguka ukingo, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana kiwandani. Mstari ukikaa juu diski ni ovastebo zaidi, ukikaa chini inageuka kirahisi. Hii ndo sababu diski mbili za jina moja na plastiki moja, rangi tofauti tu, zinaweza kuruka tofauti, na hili liko kwa watengenezaji wote sio mmoja, plastiki inaposinyaa ikipoa inategemea na mambo mengi. Nikiwa dukani nazitandaza kaunta nalinganisha mistari yake kabla sijalipa na muuzaji ananielewa. Angalia na mgongo: ulioinuka unaelea zaidi, uliolala bapa unaelea kidogo na mara nyingi unakunja kwa nguvu mwishoni. Diski ikigonga mti, ile pua ya ukingo inapondeka, inakuwa butu, vinyama vya plastiki vinatokeza kwa chini, na matokeo yake ni kama mstari umeshushwa. Ndo maana karibu diski zote zikichakaa zinaelekea upande mmoja tu, kuwa andastebo zaidi. Hairudi nyuma.

Wraith ya Star nilivyoipata mpya ilikuwa ngumu kidogo, inanyooka, inasogea kulia kiduchu katikati, alafu inakunja kushoto na kutua. Nzuri kwa upepo wa mbele, nzuri kwa njia inayopinda kushoto. Miezi ya mwanzo sikuona tofauti yoyote japo vidonda vilishaanza kuonekana. Alafu ikaanza kubadilika polepole, kwanza ikapunguza kule kukunja, yaani mwisho wake ukawa mpole, alafu ile ya kulia ikaongezeka, mpaka ikafika mahali nikiirusha imeinama kidogo, ule ukingo wa mbali na mwili uko chini, wenyewe huku wanaita haiza, inajiinua yenyewe hewani inakaa sawa, inaenda, inaenda, inaenda, na mwishoni inarudi kushoto taratibu. Huo ndo umbali wangu mkubwa kuliko wote na umetoka kwenye diski iliyokwisha kuvunjwavunjwa na miti ya Kaposia. Star ndo inanifaa kwa hilo kwa sababu haichakai haraka ukaikosa, na haigomi kuchakaa ukazeeka nayo. Inashikika mkononi pia hata kukiwa na umande.

Champion ni ile plastiki inayong'aa, unaona mwanga ukipita. Hiyo inatoka kiwandani ikiwa ovastebo kuliko Star ya jina hilohilo kwa kawaida, na inakaa hivyo kwa muda mrefu mno. Mtu anayetaka draiva ya kuaminika kwenye upepo, anayotaka ifanye kitu kilekile mwaka huu na mwaka kesho, achukue Champion. Mimi Wraith ya Champion naitoa upepo ukiwa usoni tu. Ubaya wake ni kuteleza ikilowa na baridi ya huku inaikaza inakuwa kavu kabisa, vidole vinauma.

DX ndo plastiki ya bei rahisi, dola 10 na kitu wakati Star inacheza kwenye 18 mpaka 20. Watu wanaidharau na mimi sikubaliani nao. DX mpya inashikika vizuri kuliko zote, na inachakaa haraka, hiyo iko wazi, imetengenezwa hivyo, lakini ndo inayokufundisha diski inavyobadilika maana unaiona safari nzima ndani ya msimu mmoja. Valkyrie ya DX nawashauri wote wanaoanza. Namba zake 9, 4, -2, 2. Sio kidraiva cha watoto, hii hii Valkyrie ndo Msweden Christian Sandström aliirusha mita 250 mwaka 2002 jangwani California, ikawa rekodi ya dunia. Rekodi ya sasa ya David Wiggins Jr ni mita 338, mwaka 2016 kule Primm, Nevada, upepo wa jangwa ukiwa unasukuma kutoka nyuma. Valkyrie mpya inanyooka kwa mkono wa kawaida. Ikianza kulika inakuwa inaelea kulia na kubaki huko. Ikilika kabisa, usiitupe! Hiyo ndo inakuwa diski ya kubiringisha: unairusha imesimama karibu wima, inatua kwenye ukingo na kukimbia chini kwenye nyasi. Bryant Lake kuna miteremko ambayo diski hiyo inafika mbali kuliko kitu chochote nilichonacho hewani.

Sasa Destroyer, maana najua kuna watu wamenuna. Ukingo wake ni mpana zaidi, sentimita 2.2 hivi, wakati Wraith iko 2.1, na hako kamilimita kamoja mkono mdogo unakasikia. Nimeirusha ya Star ikiwa mpya na ninayo nyingine iliyochakaa sana niliyobadilishana na rafiki yangu, yeye anarusha mita 130 na zaidi, alikuwa anaiona imeshakuwa laini mno kwake, inageuka kulia hairudi. Kwangu mimi diski hiyohiyo inanyooka! Diski ni ileile, imechakaa vilevile, mikono miwili, inaruka kwa namna mbili. Hapa ndo ushauri wangu wa Destroyer ulipo: kama unaipenda, kama unawaona mapro wanaitumia na roho inaitaka, usinunue mpya, tafuta iliyopigwa. Mtu mwenye mkono mkubwa ameshakufanyia kazi ya kuikomaza, na bei inashuka. Pia kuna Destroyer ya plastiki ya Pro, hiyo inatoka kiwandani ikiwa laini zaidi na inaelea vizuri, inachakaa kwa kasi kuliko Star, kwa mkono wa kati inafaa.

Force ya kampuni ya Discraft (12, 5, 0, 3) naitaja kwa ufupi tu kwa sababu niliazima, sikuimiliki. Ni ya upepo na ya mikono mikubwa, ile 0 ni 0 kweli, kulia haiendi. Ya plastiki ya Z inadumu.

Tern ni habari nyingine. Spidi 12 na kuelea 6, namba kubwa zote, lakini hii inageuka kulia kirahisi kuliko Destroyer, kwaiyo mkono wa kawaida unapata ladha ya draiva kubwa bila kuumia bega. Ikiwa mpya, nyuma kukiwa na upepo kidogo, ni raha tupu. Tatizo linakuja kwenye uchakavu. Wraith inaanza na ziada ya kukunja, ikipoteza kidogo inabaki na ya kutosha. Tern haina ziada hiyo, ikipoteza kidogo tu inaanza kulala kulia na kukataa kurudi, na kwenye upepo wa mbele inageuka kabisa inajipindua. Ndo maana Tern mimi nachukua ya Champion, sio Star, nataka ikae ilivyo kwa muda mrefu kadri inavyowezekana. Watu wengi wanachagua plastiki kwa rangi au kwa kushikika, mi nasema chagua kwa kuuliza hivi: hii diski ikilika kidogo itakuwa nzuri zaidi au itakuwa imeharibika? Ikiwa itakuwa nzuri zaidi, Star au DX. Ikiwa itaharibika, Champion au plastiki ngumu ya kampuni nyingine, Opto ya Latitude 64, Lucid ya Dynamic Discs, Z ya Discraft, zote ziko kwenye kundi hilo.

MVP, kampuni nyingine, wao wana muundo wa vipande viwili, katikati plastiki moja na ukingo wa nje plastiki nyingine nzito zaidi ili uzito uwe pembeni. Nimerusha Wave yao (11, 5, -2, 2), tamu sana, inaelea imetulia. Sijakaa nayo muda wa kutosha kuona inavyochakaa kwaiyo hapo siwadanganyi.

Turudi kwenye viwanja. Blue Ribbon ndo inayokula diski kwa kasi. Pale unarusha katikati ya mashina, ukikosea kidogo diski ikiwa na kasi yote inagonga mti kwa pua, na pigo moja la hivyo linazidi mizunguko mingi ya kutua kwenye nyasi. Uwanja wa wazi unaichakaza diski polepole na kwa usawa, inakunwa chini, inapoteza mng'ao, ukingo unalainika wote kwa pamoja. Msituni inapata vidonda vikubwa sehemu chache na inaweza hata kupinda. Ikipinda, maji ya moto ya bomba, sio yanayochemka, izamishe mpaka ilainike, inyooshe kwa mikono na uilaze juu ya meza mpaka ipoe. Vinyama vinavyokata vidole ruksa kuvisawazisha kwa msasa, sheria za PDGA zinaruhusu kusugua kiasi mikwaruzo na kasoro za kiwandani, ila huruhusiwi kuichonga diski ili iruke tofauti. Kuchakaa kwa kuchezewa hakuna anayekukataza. Kwaiyo mimi nagusa pale panapokata tu, kwingine naacha.

Na baridi jamani. Januari huku watu wanacheza kwenye theluji, wanabandika utepe mrefu chini ya diski ili ikizama ionekane. Plastiki inakuwa ngumu, hewa ni nzito, umbali unapungua kwa kila mtu, na mkono wenyewe uko ndani ya makoti mawili, kasi haipo. Diski iliyokuwa inanyooka Julai, Januari inakunja kushoto mapema, na sio kwamba imepona uchakavu wake, ni mkono wako ndo umepungua kasi. Ile Wraith iliyochakaa ndo inakuwa draiva kuu ya majira hayo. Upande wa pili, sehemu za juu hewa ni nyepesi, Denver kwa mfano iko mita 1,600, diski zinakataa kugeuka, zinakunja zaidi, watu wa kule wanabeba draiva laini zaidi kuliko sisi. Mtu akija kurusha Nairobi, ambayo inafika hata mita 1,700, akutane na hilohilo, asije na begi la ovastebo tupu.

Uzito nao usidharau. Wraith ya gramu 175 na ya 165, yenye 165 unaizungusha kwa urahisi zaidi na inageuka zaidi, kwa hiyo inakuja tayari imepiga hatua kuelekea ulaini, upepo ndo unaoionea. Wanangu na mke wangu wanatumia za gramu 150 hivi na zinaenda vizuri mno mikononi mwao.

Kwa anayeenda kununua draiva iliyotumika, kwenye maduka mengi ya diski huku kuna pipa lake, fanya hivi. Usidanganyike na mgongo, mikwaruzo ya juu na mhuri uliofutika havisemi kitu. Funga macho, pitisha kidole kwenye ukingo mzunguko mzima. Ukisikia umelainika sawasawa kote, hiyo imekomaa vizuri, kwa mkono wa kawaida chukua hata kama ni Destroyer. Ukisikia mabonde makubwa mawili matatu na kwingine kukali bado, hiyo imekula miti, itakuwa inayumba ikitoka mkononi. Alafu ilaze juu ya kaunta, uso chini na uso juu, uone kama inacheza. Ikicheza imepinda, ulizia bei ipungue, maji ya moto unayo nyumbani.